Mwenyeji wa Ngara Analipwa na Nani?



Mwaka 2022 vita vilipozuka Ukraine na mamilioni ya watu wakavuka mipaka, serikali za Ulaya zilifanya jambo moja ambalo sisi huku tunapaswa kulitazama kwa makini. Zilifungua sheria yao ya mwaka 2001, sheria ya ulinzi wa muda, ambayo ilikuwa imekaa kabatini zaidi ya miaka 20 bila kutumika hata mara moja. Chini ya sheria hiyo mgeni alipewa kibali cha kukaa, ruhusa ya kufanya kazi, shule ya watoto na msaada wa kujikimu. Hilo ni la mgeni. Lakini mwenyeji naye alikumbukwa. Poland iliwalipa zloti 40 kwa siku kwa kila mgeni wale waliowapokea watu majumbani mwao. Uingereza, ambayo ilikwisha kutoka katika Umoja wa Ulaya, ilikuwa na mpango wake, nayo ilianza kwa kumpa mwenye nyumba pauni 350 kila mwezi, ikiziita fedha za shukrani.

Naam, fedha za shukrani. Sasa tuhamie kwetu, mkoani Kagera, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, tuulize shukrani ya huko ilikuwa kiasi gani.

Mwishoni mwa Aprili 1994 daraja la Rusumo lilipitisha watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi. Hesabu hiyo iliizidi idadi ya wananchi wote wa wilaya ya Ngara waliohesabiwa katika sensa ya 1988. Benaco, mahali palipoitwa kwa jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara, pakageuka kwa siku chache kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Zikafuata Lumasi, Musuhura na nyingine, na Warundi nao wakapiga kambi Lukole.

Umoja wa Mataifa ulifika, na kazi uliyoifanya hatuwezi kuibeza. Chakula kilitoka bandarini Dar es Salaam kwa reli hadi Isaka, kisha malori yakakipandisha kupitia Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo hadi kambini. Mahindi, maharage, mafuta na chumvi vikagawiwa. Watu hawakufa kwa njaa.

Lakini kuni za kupikia maharage hayo hazikuletwa na meli. Zilikatwa Ngara. Nguzo za vibanda zilikatwa Ngara. Wanyama wa pori la akiba la Burigi waliwindwa wakawa kitoweo. Hospitali ya Murgwanza ilielemewa. Waganga na walimu wetu waliacha kazi za serikali wakaenda kwenye mashirika yaliyolipa zaidi, nao wananchi wa vijijini wakabaki na zahanati isiyo na mganga. Polisi, mahakimu na magereza walipata kazi maradufu, na mahabusu hao walilishwa kwa bajeti ileile ya nchi maskini.

Tuseme kweli yote, maana kuna upande wa pili. Wako wenyeji waliofaidika. Mwenye shamba kubwa la migomba aliuza ndizi kwa bei ambayo hakuwahi kuiota, na vibarua alipata kwa ujira mdogo. Wenye maduka walijenga. Vijana waliojua kuendesha gari au kuandika kwa mashine walipata ajira. Wachumi waliokuja baadaye kupima maisha ya Kagera wamegundua kwamba hata miaka mingi baada ya kambi kuondoka, vijiji vilivyokuwa jirani nazo vilikuwa na hali nzuri kuliko vilivyokuwa mbali, na sababu kubwa waliyoitaja ni barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya misafara ya misaada.

Hata hivyo wachumi haohao wanatwambia kwamba neema hiyo haikumfikia kila mtu. Mwananchi asiye na shamba, aliyeishi kwa kibarua, alikuta kazi yake imechukuliwa na mtu mwenye njaa aliye tayari kulipwa nusu. Mama wa kijijini aliyezoea kuokota kuni nyuma ya nyumba sasa alitembea mwendo mrefu kuzitafuta, na mkungu wa ndizi sokoni ukamshinda bei. Kwa maneno mengine, aliyekuwa nacho aliongezewa, asiyekuwa nacho akatoa mchango mkubwa kuliko wote, na hakuna aliyemwandikia risiti.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tanzania iliwahi kuifuata methali hiyo neno kwa neno. Wanyarwanda wa miaka ya 1960 walipewa ardhi Muyenzi, hukohuko Ngara. Warundi wa mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kwa muda wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen kwa moyo huo.

Miaka ya 1990 tulibadili msimamo. Mpaka na Burundi ulifungwa Machi 1995. Desemba 1996 serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi, na karibu nusu milioni walirudishwa daraja lilelile. Sheria mpya ya wakimbizi ikapitishwa mwaka 1998. Kwa waliobaki, hifadhi ikawa ya muda: kaa kambini, usivuke kilomita nne, subiri kwenu patulie.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Usalama wa mpakani haukuwa mchezo, na wahisani walikuwa wamekwisha kuchoka. Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Mgeni asiye na jembe anategemea mgao. Mgao unategemea wahisani. Wahisani hutazama televisheni, na vita ikihamia kwingine fedha nazo huhama. Mwaka 2023 mgao katika kambi za Kigoma ulikatwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Mtu akipewa nusu ya chakula, nusu nyingine ataitafuta kwa jirani, kwa kibarua cha kujificha au kwa kuvizia shamba usiku. Basi pengo la mhisani huzibwa na mkulima.

Palikuwa na jaribio moja la maana. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa fedha taslimu, badala ya mahindi, baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu, nao wakanunua chakula kwa wafanyabiashara wa huku huku. Mwaka uliofuata serikali iliagiza mpango huo usimame. Mapema 2018 Tanzania ikajitoa pia katika mpango mpana wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha.

Katika hili la pili mimi naielewa serikali. Nchi maskini kuambiwa ikope ili imlishe mgeni ni dhihaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, uliotaja ukaaji wa muda kabla Ulaya haijautungia sheria, ulisema pia kwamba nchi iliyolemewa iombe wenzake wapunguze mzigo. Ulisema wapunguze. Kukopesha ni jambo jingine. Lakini la kwanza, la kusimamisha fedha taslimu, nadhani tulimwadhibu muuza maharage wa Kasulu.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, fungu la vijiji vya wenyeji liandikwe katika mkataba wa msaada tangu siku ya kwanza. Mpango maalumu wa maeneo yaliyoathirika ulianzishwa 1997, wakati Wanyarwanda wameshaondoka na miti imeshakatwa. Pili, fungu hilo lifike serikali ya kijiji na hesabu yake ibandikwe ukutani, watu wasome, lisiishie kwenye semina za wilayani. Tatu, mgeni apewe jembe au kibarua halali, chenye ujira unaojulikana, ili asimshushie bei kibarua mwenyeji.

Benaco leo ni kituo cha madereva wa malori. Mtu anakula chakula chake na kuendelea na safari ya Kigali bila kujua palikuwa na nini. Lakini majirani zetu hawajatulia, na daraja la Rusumo lipo. Waheshimiwa wabunge wa Kagera na Kigoma wangeuliza swali hili wakati wa bajeti, kabla halijavukwa tena: wakija, mama wa kijiji cha jirani ameandikiwa shilingi ngapi?

Kwa leo naishia hapo.