Mchoraji Huanza kwa Macho

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya uchoraji. Najua wengine mtasema, "Mwalimu, kuchora ni kazi ya watoto wa shule." La, sivyo. Sikilizeni.

Siku moja nilikuwa nafundisha kisomo. Neno letu lilikuwa "kanga", yule ndege wa porini. Nikachukua chaki, nikachora kanga ubaoni. Nilijisifu moyoni, maana kuchora nilifundishwa chuoni. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono. Mzee huyo alikuwa hasemi darasani. Aliona haya kwa kuwa alichelewa kujua kusoma. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Huyo ni kuku umempaka madoa. Kanga mkia wake huinama chini. Tena kichwani ana kipembe."

Nikampa chaki. Akachora polepole, mkono unatetemeka. Alipomaliza, darasa zima likasema, "Naam, huyo ndiye kanga!" Nikamwuliza, "Mzee wangu, umefundishwa na nani?" Akajibu, "Na kanga wenyewe. Kila mwaka wanafukua mbegu zangu."

Ndugu zangu, mimi nilichora kanga wa kitabuni. Mzee alichora kanga wa shambani kwake. Hiyo ndiyo tofauti.

Alikuwapo mchoraji wetu wa Tanzania, Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kule kusini, kwenye misitu na wanyama wa porini. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya gharama. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa kujengea dari, na rangi ya kupaka baiskeli.

Je, mtu huyu aliyekaa mjini alichora nini? Alichora chui, alichora tembo, alichora ndege. Mara nyingi mnyama mmoja tu alijaza ubao mzima. Mwili ulihamia mjini, lakini macho hayakusahau pori.

Tingatinga alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Jamaa zake na wanafunzi wake wakaendeleza kazi. Hata leo uchoraji wa namna ile unaitwa Tingatinga, na wageni kutoka nchi nyingi wananunua picha hizo.

Tunajifunza nini? Rangi hununuliwa dukani, lakini kujua kuangalia hakuuzwi. Nyinyi mnaishi na miti, mifugo na ndege kila siku. Hiyo ni elimu, msiidharau.

Sasa nawauliza. Jani la muhogo lina vidole vingapi? Mbuzi akitaka kulala, hukunja miguu ipi kwanza, ya mbele au ya nyuma? Msijibu haraka. Nendeni mkaangalie.

Kisha chukua kipande cha mkaa, uchore kitu kimoja ulichokiangalia vizuri. Chini yake andika jina lake kwa mkono wako mwenyewe. Ukikosea, rudi ukaangalie tena.

Na yule Mzee? Tangu siku ile hakukaa nyuma tena.