Vakanse mu Lupango Yetu
(Mazungumzo na wamama, siku ya kupima kilo, Likasi)

Mukae muzuri. Mama mwenye mtoto mchanga aje karibu, asikae ku upepo. Leo, mbele ya kupima watoto, tutazungumza juu ya vakanse.

Mwezi wa saba masomo inafungwa. Watoto wanabaki nyumbani mpaka mwezi wa tisa. Mama anajiuliza: "Nitawapeleka wapi? Franka ya kwenda Lubumbashi haiko." Ni kweli. Kilomita 120, nauli ya watoto wanne, chakula ya njiani, si kitu kidogo. Basi mama ananyamaza, na watoto wanajitafutia vakanse yao wenyewe.

Mama mmoja alituambia habari yake. Mtoto wake wa miaka kenda alirudi jioni, nguo imelowa, anashika franka mkononi. "Mama, nimesafisha mawe ya madini ku mtoni." Mama alifurahi, akanunua unga. Siku ya tatu mtoto alikohoa usiku mzima. Mama akasema: "Bukari ile nilikula, lakini haikushuka muzuri mu koo."

Tusimcheke. Njaa tunaijua sisi wote. Lakini tujue hatari. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kama mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga ilikuwa na kobalti nyingi sana, na ya watoto ilipita ya wakubwa. Mtoto anacheza chini, kisha anatia mkono kinywani. Na mashimo yanabomoka. Mwezi wa saba wa mwaka 2004, kule Shinkolobwe, si mbali na hapa, shimo lilianguka na kuua watu.

Basi tutengeneze vakanse mu lupango. Haiombi franka nyingi. Inaomba mama apange mbele.

1. CHAGUA SIKU. Siku mbili kwa juma zinatosha, kama vile siku ya kazi tatu na siku ya posho. Waambie watoto mbele, wazingojee. Mama anayeuza sokoni atasema: "Mimi sina nafasi." Wamama watatu wa majirani wapatane: mmoja anachunga watoto wote, wawili wanaenda sokoni. Siku nyingine wanabadilishana.

2. TENGENEZA PAHALI. Chini ya mwembe panafaa. Nyunyiza maji kwanza, halafu fagia, ili vumbi isiruke. Funga kamba, tundika kitenge ya zamani, tandika mkeka. Njo nyumba ya vakanse. Weka beseni ya maji na sabuni karibu: kila mtoto anawe mikono mbele ya kula.

3. MICHEZO. Chimbeni matundu ya kisolo, tafuteni mawe madogo, safi. Mtoto anayehesabu mawe anajifunza hesabu bila kujua. Mpira wa vitambaa, kamba ya kuruka, vyote ni bure. Kama kambo yuko, aonyeshe michezo ya utoto wake.

4. CHAKULA. Kile cha kila siku, lakini nje, na watoto wasaidie: viazi vitamu vya kuchoma, kalanga, matembele. Munkoyo utengenezwe na maji yaliyochemka. Kila mtoto apande lenga-lenga yake mu beseni iliyotoboka. Mbele masomo kufunguliwa, atakula mboga ya mkono wake.

5. JIONI. Wakati huu baridi ni kali. Wakubwa wawashe mbabula nje, watoto wavae nguo za joto, na kambo atoe hadisi za Kalulu. Lakini sikieni muzuri: mbabula yenye makala ya moto haiingii mu nyumba ya kulala, hata baridi ikizidi! Makala inatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Jamaa nzima inaweza kulala na kutoamka tena. Na mtoto akiungua, mwagia pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mlete hapa.

Yule mama alifanya hivi vakanse iliyofuata, pamoja na majirani wawili. Mwezi wa tisa mwalimu aliuliza watoto: "Mulienda wapi vakanse?" Mmoja akasema Lubumbashi, mwingine Kolwezi. Mtoto wake akajibu: "Siye tulikuwa ku nyumba ya kitenge." Na wenzake wakataka kujua iko wapi.

TUJIBU PAMOJA:
— Kwa nini mtoto asisafishe mawe ya madini?
— Mbele ya kufagia tunafanya nini?
— Mbabula inakaa wapi usiku?
— Ni jirani gani utapatana naye, na siku gani mutaanza?

Sasa mama wa kwanza alete mtoto ku kilo.