Saa Mbili za Mwalimu

Mfikirie mwalimu wa Mutuka, hapa Babati mjini, aliyerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Saa nne, kengele ya mapumziko imelia. Blauzi imelowa maziwa, kajitanda kanga kuificha, na madaftari ya darasa la tatu yamejaa mezani. Anaona aibu kuomba ruhusa.

Dada, usione aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo yenye malipo ya siku 84, au 100 ukijaliwa mapacha. Ukisharudi kazini, unaruhusiwa kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Hiyo si hisani ya mkuu wako.

Baba naye ana siku zake tatu, ingawa wapo wanaozimaliza wakipokea pongezi kijiweni. Tunaimba kwamba wanawake ni jeshi kubwa, halafu jeshi lenyewe tunaliachia sufuria, mtoto na ripoti ya mwezi.

Kesho andika barua fupi, taja kifungu cha 33, nakala ibaki kwako. Kisha panda bodaboda, kanyonyeshe.