Kutu ya Milimani: Boriti za Faiba na Mitambo ya Kahawa Mbinga



Ukitaja kutu katika mkoa wa Ruvuma, mawazo ya watu hukimbilia Ziwa Nyasa. Upepo wa kusi hupiga mawimbi kwenye magati, na chuma kinaloana usiku na mchana. Ndiyo maana kila ninapozungumzia boriti za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, faiba kama mafundi wanavyoiita, huulizwa zitafungwa lini kwenye gati la Mbamba Bay. Leo naomba tupande milimani, kwenye mitambo ya kumenya kahawa, kwa sababu huko ndiko chuma kinakoteketea.

Ziwa Nyasa ni maji baridi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ya Nyasa haifikishi hata nusu gramu, na maji yake yana ualkali kidogo. Kloridi, ambayo baharini hupenya rangi na kutoboa chuma, humo ni chache mno. Tazameni meli ya Liemba kule Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi safarini, kwa kuwa mwili wake wa chuma ulikuwa bado unafaa kutengenezwa. Kwa gati la Nyasa, chuma kilichopakwa zinki vizuri, au zege ambalo nondo zake zimefunikwa vya kutosha, kinatosha. Tena gati hugongwa na meli, na faiba haipendi kugongwa.

Kwenye mtambo wa kahawa mambo ni tofauti kabisa. Punje ikishamenywa hubaki na ute wenye sukari. Kahawa ikivundikwa birikani, bakteria na hamira hula sukari hiyo na kutoa asidi, ile ya maziwa yaliyoganda na ile ya siki, hadi pH inashuka na kukaribia 4. Maji ya kuoshea hupita mferejini yakiwa na asidi hiyo, yakirukia miguu ya jukwaa na vyuma vinavyoshikilia mashine.

Chuchumaeni mtazame pale mguu wa chuma unapoingia kwenye sakafu. Juu rangi bado inang'aa. Kiganja kimoja kutoka chini, rangi imevimba. Igongeni kwa nyundo ndogo, yatabanduka magamba ya kutu, tabaka juu ya tabaka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo husukuma zege kutoka ndani, huku asidi ikiila saruji kutoka nje. Msimu ukiisha mtambo hulala kwa miezi, mabaki ya ute yakiwa yamekaukia kwenye viungo. Kabla ya msimu mpya huitwa fundi achomelee kipande kipya. Moto wake huunguza zinki, na mahali alipotengeneza ndipo panapotangulia kuoza tena. Gharama hiyo humrudia mkulima, na ndiyo inayoniuma.

Boriti ya faiba hutengenezwa kwa kuvuta nyuzi za kioo zilizolowa resini kupitia kalibu ya moto, zikatoka zimeganda kwa umbo la chaneli au pembe. Ukiivuta kwa urefu wake ina nguvu ya kulingana na chuma cha kawaida. Uzito wake ni robo tu. Chaneli ya chuma ya milimita 100, urefu wa mita 6, ina zaidi ya kilo 60. Ya faiba yenye umbo lile lile haifiki kilo 20. Kwa kijiji kama Litembo au Langiro, ambako mzigo unaweza kumalizia safari begani, hilo ni jambo kubwa.

Lakini mhandisi asidanganywe na neno nguvu. Ukakamavu wa faiba ni takriban sehemu moja ya nane ya ule wa chuma. Ukibadilisha boriti kwa boriti ya umbo lile lile, haitavunjika; itapinda mara nane zaidi, mashine itatikisika na boliti zitalegea. Dawa yake ni kina: kwa boriti ya mstatili, ukizidisha kina mara mbili, ukakamavu wa kupinda huongezeka mara nane, na pengo linazibika. Kwa hiyo jukwaa lichorwe upya kabisa, lisinakiliwe kutoka kwenye la chuma. Hesabu ianze na mpindo, nguvu ije baadaye, na iachwe nafasi kwa sababu faiba huzidi kulegea ikibeba mzigo kwa miaka.

Fundi naye abadili mkono. Faiba haichomelewi, huungwa kwa boliti, nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ikikatwa kwa msumeno, nyuzi hubaki wazi, na asidi hupenya kwa njia hiyo hiyo, hivyo kila mkato na kila tundu lipakwe resini siku ile ile. Resini iwe ya vinili esta. Poliesta ya bei rahisi msiitumie hapa. Vumbi la kukata faiba lisivutwe puani. Penye jua kali ipakwe rangi, na penye moto isikaribishwe, kwa maana resini hulainika mapema sana kuliko chuma.

Bei yake ya kununulia ni kubwa kuliko ya chuma, na chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, hakiwezi kuibeba kwa ahadi zangu. Ninachoomba ni mtambo mmoja wa kujaribia, ikiwezekana kwa kushirikiana na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) walioko Ugano. Nusu ya jukwaa iwe chuma cha zinki, nusu faiba, juu ya mfereji mmoja. Kila mwanzo wa msimu tupime mpindo wa kila boriti ikiwa na mzigo uleule na unene wa kila mguu pale sakafuni, tuandike gharama zote za ukarabati, na daftari likae ofisini kwa AMCOS, mahali ambapo mkulima yeyote anaweza kulifungua.