Usiuzime Mti: Swichi Zinazobeba Klasta za Seva



Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa mafundi wetu wa mitandao, nao umeanza kuingia hata kwenye vitini vya darasani: ukifunga klasta ya seva, kwanza zima STP, yaani itifaki ya mti, kwenye swichi zako. Eti inachelewesha poti, inaangusha klasta, na imepitwa na wakati. Mambo ya VLAN, ya kuunganisha nyaya mbili kwa LACP na ya fremu za baiti 9000 mnayajua, siyarudii. Usiku huu nashughulika na ushauri huu tu, maana unaziangusha klasta zilezile unazodai kuzilinda.

Niwape haki yao kwanza. Katika STP ya asili, poti ikiwaka husikiliza kwa sekunde 15, kisha hujifunza anwani kwa sekunde 15 nyingine, ndipo ipitishe data. Nodi za klasta nazo husikilizana mapigo, na kwa kawaida huvumilia ukimya wa sekunde chache tu. Muda huo ukipita, nodi iliyo kimya huhesabiwa imekufa, ikazimwa kwa nguvu. Au, vibaya zaidi, pande mbili zikaandika kwenye diski moja. Sekunde 30 ni nyingi mno, nakubali. Lakini dawa imo ndani ya swichi hiyohiyo. Poti ya seva itangaze kuwa poti ya ukingoni, ipitishe data papo hapo, kisha iwekee ulinzi wa BPDU, ujumbe ambao swichi hutumiana kwa STP, ili swichi ngeni ikichomekwa hapo, poti ijifunge. Kati ya swichi na swichi tumia toleo la haraka, 802.1w, lililotoka 2001. Hayo ni maagizo machache ya kuandika. Kwa nini basi tung'oe kinga yote dhidi ya vitanzi?

Asiyejua thamani ya kinga hiyo asome makala ya Radia Perlman ya 1985, alipokuwa Digital Equipment Corporation. Naipenda makala hii kuliko zote ninazofundisha. Kila swichi huanza kwa kujitangaza kuwa ndiyo shina. Ikisikia nyingine yenye kitambulisho kidogo zaidi, huacha madai yake na kuifuata. Kisha hubakiza njia fupi ya kufikia shina na kuziba zile zinazorudi kule zilikotoka. Hakuna swichi inayohitaji ramani ya mtandao mzima. Na muhtasari wa kazi hiyo Perlman aliuandika kwa shairi!

Na kitanzi ni hatari kweli. Pakiti ya IP ina hesabu ya kupungua kila inapovuka ruta, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet haina hesabu hiyo. Ikiingia kwenye kitanzi huzunguka mpaka mtu akate waya. Niliwahi kuitwa kwenye chumba cha seva cha taasisi moja ambako mti ulikuwa umezimwa kwa ushauri huuhuu. Mtu alikuta waya mfupi unaning'inia, ncha moja ikiwa tayari kwenye swichi, akaichomeka na ya pili. Nilipoingia, taa za poti zote zilikuwa zikipepesa kwa mdundo mmoja, na seva haziitikii hata kibodi. Kiungo cha gigabiti 1 hupitisha fremu ndogo zipatazo 1,488,000 kwa sekunde, na kila fremu ya tangazo lazima kila seva iipokee. Mapigo ya klasta yangepenya wapi?

Wapinzani hunitajia hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, iliyorudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa Novemba 2002 mtandao ulipokwama, nao huilaumu STP. Lakini mtandao ule ulikuwa umeunganishwa kipande kwa kipande hadi kuvuka kikomo cha swichi saba mfululizo ambacho STP ilipangiwa. Kosa ni la aliyerefusha mnyororo.

Hoja nzito zaidi ni ya vituo vikubwa vinavyotumia BGP, itifaki ya ruta, hadi kwenye rafu, kama inavyoelezwa katika RFC 7938 ya 2016. Huko vitanzi vya tabaka la pili karibu havipo, nakiri. Hata hivyo ningeuacha mti ukiwaka kwenye kila swichi ya rafu, kwa sababu mkono unaochomeka waya usiku wa manane hausomi michoro. Ila shina lichagueni wenyewe: kipaumbele 4096 kwa swichi ya kati, 8192 kwa ya akiba. Mkiacha 32768 kila mahali, itashinda yenye anwani ndogo, na mara nyingi hiyo ndiyo swichi kuukuu kuliko zote chumbani.