Kaunti Hazina Kiti Arusha



Tumeombwa tuzungumze juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na huenda baadhi yenu mmejiuliza mambo ya Arusha yanaihusu nini kaunti yenu. Yanaihusu sana. Tangu Katiba ya 2010, kilimo, masoko, machinjio, leseni za biashara, zahanati na udhibiti wa magonjwa ya mimea na mifugo ni kazi za kaunti. Jedwali la Nne lasema hivyo waziwazi. Jedwali hilo hilo limeiachia serikali ya taifa mambo ya nje na biashara ya kimataifa. Basi serikali moja hutia sahihi, na nyingine hubeba mzigo.

Chukueni mfano wa mahindi. Machi 2021 mamlaka ya taifa inayosimamia kilimo na chakula iliiandikia idara ya forodha izuie mahindi ya Uganda na Tanzania, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Hofu hiyo haikuwa ya mzaha, maana sumu hiyo huua. Lakini malori yalikwama mipakani, na siku chache baadaye zuio likaondolewa na masharti mapya yakawekwa. Kiwango kinachoruhusiwa, yaani sehemu 10 kwa kila bilioni, ni cha Jumuiya nzima. Lakini ni nani anayemfundisha mkulima kukausha nafaka yake? Ni nani mwenye soko ambamo mama anauza debe lake? Ni kaunti. Na katika Mkataba wa Jumuiya hamna kifungu kinachomlazimu waziri kumwuliza gavana wa Busia au wa Kajiado neno lolote kabla ya kiwango kama hicho kupitishwa.

Ajabu ni kwamba Mkataba huo, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unaujua ugonjwa huu. Dibaji yake inapoeleza kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, inataja kwamba sekta binafsi na vyama vya kiraia havikushiriki kwa nguvu. Kisha Kifungu cha 7 kinaweka kanuni kwamba mambo yaamuliwe karibu na wananchi, na ngazi mbalimbali zishiriki. Waumini Wakatoliki mlio hapa hamtaiona ngeni kanuni hiyo: Papa Pius wa 11 aliifundisha katika waraka wake wa 1931, kabla ya wanasheria kuivalisha joho.

Kanuni ipo, ila haijapewa kiti cha kukalia. Wakuu wa nchi wana kikao chao, mawaziri wana Baraza lao, na kila nchi hupeleka wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki. Wabunge hao, kwa Kifungu cha 50, wapaswa kuwakilisha vyama, mielekeo ya maoni, jinsia na makundi maalumu. Serikali za mitaa hazikutajwa.

Wenzetu wa Ulaya walikabiliwa na swali hili mapema. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliunda Kamati ya Mikoa, iliyoanza kukutana Brussels mwaka 1994. Wanachama wake ni watu waliochaguliwa katika mikoa na miji, au wanaowajibika kwa mabaraza yaliyochaguliwa. Katika mambo kadhaa ni lazima Kamati hiyo iulizwe kabla sheria haijapitishwa. Kuna wanaoidharau kwa kuwa ushauri wake haumfungi mtu. Sisi hatuidharau: anayelazimika kukuuliza hulazimika pia kukuonyesha karatasi, na karatasi ndizo tunazonyimwa.

Kuna njia kali zaidi. Oktoba 2016 bunge la Wallonia, jimbo la Ubelgiji lenye watu wapatao milioni 3.6, lilikataa mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Kanada. Kwa katiba ya Ubelgiji, nchi hiyo haikuweza kutia sahihi bila idhini hiyo. Ulaya nzima ikangoja hadi maelezo ya ziada yalipoandikwa, na sahihi zikatiwa tarehe 30 mwezi huo huo. Hatupendekezi kaunti 47 zipewe kila moja ufunguo wa kufunga mlango. Hapo pangekuwa na biashara ya kununua ridhaa, na tunawajua wanunuzi.

Kinachotufaa kinafanana zaidi na cha Ujerumani. Huko, tangu 1992, Kifungu cha 23 cha katiba kinaitaka serikali ya shirikisho iyasikilize majimbo kupitia Bundesrat katika mambo ya Ulaya, na uzito wa maoni yao huongezeka pale mamlaka ya majimbo yanapoguswa. Sisi tunayo Seneti, ambayo kwa Kifungu cha 96 yaziwakilisha kaunti. Waziri na ailetee Seneti ajenda na rasimu kabla ya kila kikao cha Baraza la Mawaziri Arusha, akirudi aeleze alikubali nini na kwa nini. Jambo likigusa kazi za kaunti, awepo katika ujumbe wa Kenya mtu aliyeteuliwa na magavana. Haya hayahitaji kungoja nchi nyingine zikubali kuurekebisha Mkataba. Sheria ya Bunge letu yatosha.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria. Rasimu ya ombi letu itasomwa baada ya chai, na wenye kutoka kaunti za mpakani tunawaomba wawe wa kwanza kuisahihisha.