Chakula cha Mgonjwa wa Saratani ya Utumbo, na Siku Zake za Kazi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama waliokutana Gesima)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo si mshahara wala si bei ya kilo ya majani, lakini linagusa yote mawili. Wengi wenu mwajua kuwa mwenzetu mmoja, mchuma chai wa siku nyingi, alipasuliwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, kisha akaanza kutiwa dawa za kemotherapi. Tulipokwenda kumtazama nyumbani tulikuta mezani makopo matatu ya unga wa kuongeza nguvu na chupa mbili za vidonge, vyote vimenunuliwa siku ya soko kwa pesa tulizochanga sisi wenyewe. Jikoni hapakuwa na yai hata moja.

Ugonjwa huu zamani ulihesabiwa kuwa si wetu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo ni haba kwa Waafrika, akasema sababu ni vyakula vyetu visivyokobolewa. Leo ni mojawapo ya saratani tano zinazoonekana zaidi katika Kenya, pamoja na ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume na ya umio.

Sasa mfahamu tiba yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa habari ya chakula. Dawa zitumikazo sana ni fluorouracil pamoja na oxaliplatin. Mgonjwa huenda hospitali kila baada ya wiki mbili, na dawa moja huendelea kudondoka mwilini kwa muda wa saa 46. Mizunguko huweza kufika 12, yaani miezi sita. Wengine hupewa vidonge vya capecitabine wavimeze nyumbani wiki mbili, wapumzike wiki moja.

Oxaliplatin hutia ganzi vidoleni na miguuni, na hufanya baridi iume kama sindano. Capecitabine huweza kuchubua viganja na nyayo. Karani huenda akavumilia. Lakini mchuma majani kazi yake ni vidole, na sote twajua asubuhi za huku kwetu zilivyo, umande juu ya chai na mikono imekufa baridi hata kwa mtu mzima wa afya. Mgonjwa wa namna hii akirudi shambani saa kumi na mbili asubuhi, anaumizwa mara mbili.

Madaktari wana karatasi ya maswali 30, iliyotolewa mwaka 1993 na kutumika katika nchi nyingi, ya kupima jinsi mgonjwa wa saratani anavyoishi. Haiulizi habari ya uvimbe. Inauliza: je, unaweza kufanya kazi yako? Unalala? Una hamu ya chakula? Unatapika? Je, ugonjwa umekutia katika shida ya fedha? Twaona aliyeitunga aliwajua wafanya kazi.

Basi makopo yale yanasaidia? Jibu letu ni kwamba yapo yanayosaidia, lakini si kwa namna muuzaji anavyosema. Mgonjwa anayepungua uzito huchoka upesi, huvumilia dawa vibaya, na mara nyingine daktari hulazimika kupunguza kipimo cha dawa au kuahirisha mzunguko. Kwa hiyo kula ni sehemu ya tiba. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri mgonjwa apate protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na ikiwezekana gramu moja na nusu. Mtu wa kilo 60, basi, atafute gramu 60 mpaka 90.

Hesabu hiyo haitishi. Yai moja lina kama gramu 6. Nusu lita ya maziwa ina kama 16. Omena, maharagwe na karanga zina protini nyingi, na parachichi, ambalo huku huanguka chini likaliwa na ng'ombe, lina mafuta mazuri ya kumwongezea mtu nguvu. Uji wa wimbi uliotiwa maziwa na karanga zilizosagwa unapita kooni hata siku ambayo ugali haupiti. Asilazimishwe sahani kubwa. Apewe kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Anayemeza capecitabine aimeze katika nusu saa baada ya kula, si tumbo tupu. Na aliye kwenye oxaliplatin apewe vinywaji vya uvuguvugu, hasa siku za kwanza baada ya dawa, kwa maana maji baridi humkaba koo.

Chakula kikishindikana kabisa, hapo ndipo unga au maziwa maalum ya hospitali yana kazi yake, na daktari au mtaalamu wa lishe ndiye wa kuyapima. Mafuta ya samaki pia yamejaribiwa kwa wagonjwa wanaopungua uzito. Kuna dalili za faida, ila ushahidi bado ni hafifu. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 139 wa saratani ya utumbo iliyosambaa, matokeo yakatolewa mwaka 2019, wala haikuthibitika kuwa kipimo kikubwa kinazuia ugonjwa kuliko kidogo. Vidonge vya vitamini E, na pia kalsiamu na magnesiamu, vilijaribiwa kwa ajili ya ganzi ya vidole. Havikuizuia.

Jambo moja tunalisema kwa sauti kubwa. Asidi ya foliki, ile iliyomo katika vidonge wanavyopewa wajawazito na katika vidonge vingi vya vitamini, huweza kuzidisha ukali wa fluorouracil na capecitabine, mgonjwa akapata vidonda vya mdomo na kuhara sana. Chupa moja kati ya zile mbili ilikuwa nayo. Muuzaji hakuuliza mteja anatumia dawa gani. Kila kopo, kila chupa na kila mzizi wa miti shamba upelekwe hospitali daktari auone, wala mgonjwa asione haya kuutaja.

Akihara, apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kuhara kusipotulia, au joto la mwili likifika digrii 38, asingojee kuche. Apelekwe hospitali usiku huo huo, maana dawa hizi hupunguza askari wa damu.

Sasa habari ya siku za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akiwa na hati ya daktari. Mizunguko 12, tukihesabu siku mbili tu kwa kila mmoja, ni siku 24. Kumi zilizobaki nani atamlipa? Sheria imesema "angalau", na mapatano ya chama yaweza kuongeza. Twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, lakini fungu la saratani lina kikomo cha mwaka kwa kila nyumba, nalo halilipi siku ya mtu iliyopotea.

Kwa hiyo twaomba wajumbe wapeleke mambo mawili mezani: siku za ugonjwa ziongezwe kwa aliye katika tiba ya saratani, na mchuma majani mwenye ganzi apewe kazi ya kivulini, penye joto, bila kupunguziwa mshahara.

Mwenzetu amebakiza mizunguko mitano. Mchango wa mwezi huu u mkononi mwa mweka hazina, na safari hii tumekubaliana ununue maziwa, mayai, na nauli ya kwenda Kisii.